Msitu wa Bradfield: Shoka ndilo lililouhifadhi

Umewahi kuambiwa kwamba ukitaka mti uishi miaka elfu moja, ni heri uukate? Yamkini utadhani anayekueleza hayo ni mchoma makaa anayejitafutia kisingizio. Lakini iwapo utajaliwa kuzuru Uingereza, iwe ni kumtembelea mtoto anayesomea huko au ndugu aliyeolewa huko, tenga siku moja uiache London na maghorofa yake, uende ukajionee mwenyewe katika msitu mdogo wa Bradfield ulio katika kaunti ya Suffolk, mashariki mwa nchi hiyo.

Usitarajie msitu kama wa Kakamega au Mau. Bradfield haufiki hekta 100. Karura tu, hapo Nairobi, ni zaidi ya mara kumi ya msitu huo. Utaumaliza kwa asubuhi moja hata ukiwa na watoto, na hakuna mnyama wa kuwatisha. Ajabu ya Bradfield ni umri wake, na jinsi ulivyotumiwa na watu bila kukoma na bila kwisha.

Garimoshi linaloelekea huko huanzia stesheni ya Liverpool Street, na kwa kawaida utabadilisha njiani kabla ya kufika mji wa Bury St Edmunds. Usiharakishe kutoka mjini, kwa maana hapo ndipo habari ya msitu inapoanzia. Katika bustani iliyo katikati ya mji utaona mabaki ya kuta za mawe, mengine yamesimama peke yake kama meno ya mzee. Hayo ndiyo yaliyosalia ya makao makubwa ya watawa Wabenedikti, yaliyojengwa kwa heshima ya Edmund, mfalme aliyeuawa na Wadenmaki mwaka wa 869 na baadaye akahesabiwa kuwa mtakatifu. Watawa hao walikuwa matajiri wa kupindukia. Walimiliki mashamba, masoko, vinu vya kusagia, na msitu wa Bradfield ukiwa miongoni mwa mali zao.

Je, watawa walitaka nini msituni? Walichotaka ndicho mama yeyote wa kijijini anachokitaka leo: kuni za jikoni, fito za kujengea na kuzungushia ua, na mbao za paa. Kumbukumbu za ukataji wa miti huko Bradfield zinarudi nyuma hadi mwaka wa 1252. Mfalme Henry VIII alipowafukuza watawa mwaka wa 1539, msitu ulichukuliwa na wenye mali wengine, lakini ukataji haukusita. Zaidi ya miaka 750 imepita na bado unaendelea.

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Mkulima yeyote wa Kisii au Murang'a aliyepanda mikaratusi anajua kwamba ukiukata mti huo vizuri karibu na ardhi, kisiki hakifi. Hutoa machipukizi, na baada ya miaka michache unavuna tena palepale bila kupanda mche mwingine. Waingereza wa kale waligundua kwamba miti yao mingi ina tabia hiyo hiyo, hasa ile iitwayo ashi na hezeli. Basi waliugawa msitu katika vipande, wakawa wanakata kipande kimoja kila majira ya baridi, miti ikiwa imepukutisha majani. Walipofika kipande cha mwisho, kile cha kwanza kilikuwa kimekomaa tena. Mzunguko mmoja huko Bradfield huchukua miaka 20 hivi au zaidi. Katikati ya visiki hivyo waliacha mialoni michache ikue mirefu na minene kwa ajili ya mihimili ya nyumba.

La kushangaza ni kwamba mti unaokatwa namna hii huishi kuliko ule ulioachwa. Ashi ambao haujawahi kuguswa huanguka wenyewe baada ya miaka mia mbili au tatu, kwa uzee na upepo. Lakini ukikatwa kila mara huwa kama umerudishwa utotoni, na mizizi yake huendelea kujitanua taratibu. Kipo kisiki kimoja cha ashi hapo Bradfield ambacho upana wake ni mita tano na ushei, na kinakadiriwa kuwa na umri usiopungua miaka elfu moja. Usipooneshwa utakipita. Kiini chake kilioza zamani sana, kikaacha duara la vichaka ambavyo mgeni angedhani ni miti kadhaa mbalimbali, kumbe ni mti mmoja. Waambie watoto washikane mikono wakizunguke, waone kama watatosha.

Aliyewafumbua macho Waingereza kuhusu mambo haya ni Oliver Rackham, msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyezaliwa mwaka wa 1939 huko huko Suffolk na kufariki mwaka wa 2015. Kabla yake watu wengi waliamini kwamba misitu ya Uingereza ilimalizwa na wachoma makaa, viwanda vya chuma na mafundi wa merikebu. Rackham alizipekua hati za kale, akapima visiki na kufuata mitaro ya mipaka kwa miguu, akaonyesha kwamba mambo hayakuwa hivyo. Anayeishi kwa kuni hana sababu ya kuuangamiza msitu unaompa kuni. Aliyeuangamiza ni mwenye jembe, kwa kuwa yeye hung'oa kisiki na mizizi yake ili apande ngano. Na ukizunguka Bradfield utaona ushahidi wa fikira hizo: kuna boma la udongo na mtaro vilivyochimbwa kwa mikono zama za kale, ili mifugo isiingie kula machipukizi. Nani angejisumbua kiasi hicho kwa kitu asichokithamini?

Karibu na hapo, kijijini Little Whelnetham, palikuwa na kiwanda kidogo cha reki za mbao na mipini kilichotegemea miti ya Bradfield. Maadamu reki ziliuzwa, msitu ulikuwa na mtetezi. Lakini baada ya Vita Vikuu vya Pili plastiki na chuma viliingia, nyumba zikaanza kupashwa joto kwa mafuta na gesi, na serikali ikawahimiza wakulima kulima kila kipande cha ardhi. Misitu ya kale ikaonekana mzigo. Kote Uingereza ilifyekwa, au ikapandwa miti ya misonobari badala ya ile ya asili. Katika miaka ya 1960 zamu ya Bradfield iliwadia. Matingatinga yaliingia katika upande uitwao Monks' Park, yaani uwanja wa watawa, na sehemu kubwa ikang'olewa ikawa shamba.

Wanakijiji ndio waliosimama kidete. Hawakuwa watu wa vyeo. Walikuwa majirani wa msitu, pamoja na wapenzi wa mimea na wanyama, na kelele zao zilisikika. Mwaka wa 1970 chama cha uhifadhi kiliununua msitu uliosalia, na leo unasimamiwa na Suffolk Wildlife Trust kama hifadhi ya kitaifa. Chama hicho hakikuweka ua na kufukuza watu wenye mashoka. Wakataji waliendelea na kazi, na hadi leo kuni, fito za kutambazia maharagwe na vijiti vya kuezekea nyasi vinatoka humo. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko hata ule wa kununua.

Faida yake utaiona ukienda mwezi wa Aprili au Mei. Mahali palipokatwa mwaka mmoja au miwili iliyopita, jua linafika chini, na mbegu zilizolala gizani miaka na mikaka zinaamka. Ardhi nzima hufunikwa kwa maua, mengine ya buluu yaliyoinama kama kengele, mengine ya manjano hafifu yaitwayo oksilipu, ambayo katika Uingereza nzima huota kwa wingi pembe hii ya mashariki tu. Aina zaidi ya 350 za mimea zimehesabiwa humo. Vichaka vikishafunga tena hupata mpangaji wake, ndege mdogo wa kahawia aitwaye naitingeli. Huyu ni mwenzetu kwa nusu mwaka, kwani Uingereza inapoanza baridi yeye husafiri hadi Afrika Magharibi. Yumo pia domausi, kijinyama cha rangi ya dhahabu chenye mkia wa manyoya, ambacho hula karanga za hezeli, huruka matawini usiku na kulala usingizi wa pono tangu Oktoba hadi Aprili. Huenda usimwone, lakini angalia chini, utaokota ganda la karanga lenye tundu la mviringo alilolitoboa.

Vaa viatu vya mpira. Udongo wa hapo ni mfinyanzi, na mvua ya Kiingereza haitoi taarifa.

Hata hivyo, mwenyeji akikuongoza utamsikia akiguna mara mnapofika penye ashi. Ukungu wa ugonjwa uliotoka Asia ya Mashariki ulionekana Poland mwaka wa 1992, ukavuka hadi Uingereza ambako uligunduliwa mwaka wa 2012, na kaunti hizi za mashariki ndizo zilizopata pigo la kwanza. Majani hunyauka, matawi hukauka kuanzia nchani, kisha mti hufa. Wataalamu wanahofia kwamba huenda asilimia 80 ya miti ya ashi nchini humo ikapotea. Lililo baya zaidi ni kwamba machipukizi machanga ndiyo yanayoshikwa upesi. Kwa hiyo lile shoka lililoufanya mti uishi miaka elfu moja sasa huenda likauletea ugonjwa. Ukikata, chipukizi linaambukizwa. Usipokata, shina linarefuka na kuwa zito, na kisiki cha kale kinaweza kupasuka kwa uzito huo.

Wanaosimamia misitu ya aina hii wanaangalia mti mmoja mmoja, kwa sababu miongoni mwa miti ya ashi iko michache ambayo ugonjwa umeipita ikabaki na majani yake mabichi. Hiyo ndiyo inayoachwa isimame ili itoe mbegu. Hezeli na mialoni inaendelea kukatwa kama kawaida. Ukifika huko wakati wa baridi, kati ya Novemba na Februari, huenda ukasikia misumeno kabla hujauona msitu, na kando ya njia utakuta fito zimefungwa matita tayari kuuzwa.