Miguu ya Dinosaria: Tunaihakikije Fantasia?

Wengi wetu wanafunzi wa fasihi tukikutana na fantasia hukimbilia swali moja tu: kitu hiki kipo au hakipo? Kama hakipo, basi, kesi imekwisha. Mwandishi ameikimbia jamii. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Mfano nitauazima kwa jirani zetu wa filamu.

Tuichukue Jurassic Park ya Steven Spielberg (1993). Baadhi ya dinosaria wake walikuwa mitambo iliyoundwa na Stan Winston na wenzake. Wengine walichorwa kwa kompyuta na mafundi wa Industrial Light & Magic, kisha wakapachikwa katika picha za mandhari halisi. Sasa jamani, mnyama asiyekuwepo anawezaje kukanyaga majani yaliyokuwepo?

Jibu linaanzia kwenye kamera. Ukisafiri kwa basi, nguzo za kando ya barabara hupita mbio, lakini mlima wa mbali ni kama unakusindikiza. Kamera inayotembea nayo huona vivyo hivyo. Kwa hiyo mafundi huchagua vitu visivyohama, kama vile jiwe, kona ya ukuta, au alama walizozitega wenyewe. Katika Jurassic Park hata mipira ya tenisi ilitumika kama alama, halafu ikafutwa. Alama hizo hufuatiliwa picha moja baada ya nyingine, na sinema ina picha 24 kwa kila sekunde, kwa hiyo si kazi ya mchezo. Kutokana na mwendo wa alama za karibu na za mbali, hukokotolewa kamera ilisimama wapi, ilielekea wapi, na lenzi yake ilikuwa ya namna gani. Ndipo ndani ya kompyuta huundwa kamera ya pili inayopita njia ile ile. Hesabu ikikosewa hata kidogo, miguu ya mnyama huteleza juu ya ardhi, na mtazamaji asiyejua lolote kuhusu kompyuta atasema tu: "Aa, hii feki!"

Hayo peke yake hayatoshi. Mwanga umwangukie mnyama kutoka upande ule ule wa jua, kivuli chake kilale sambamba na vivuli vingine, na mti ulio mbele umfunike. Hata chembechembe za filamu huongezwa juu yake, maana picha ya kompyuta ni safi mno.

Sasa turudi kwetu. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert ametupa nchi inayoelea angani. Nchi hiyo haipo. Lakini ina baraza, mshitaki na mshitakiwa, na Karama anapoomba kujitetea, uzito wa ombi lake tunauhisi. Hapo miguu haitelezi. Alama zisizohama ndani ya riwaya hiyo ni hofu ya wenye madaraka na kiu ya haki, mambo yaliyojulikana vizuri Tanganyika ya wakati wa ukoloni. Mhakiki anayeishia kusema kwamba nchi haiwezi kuelea amekagua kitu kilichopachikwa, akasahau kukagua ardhi kilipopachikwa.

Lakini tusije tukalewa sifa za ufundi. Kitu kupachikwa vizuri si ushahidi kwamba kinasema kweli. Siku hizi programu za kompyuta hutafuta alama zenyewe, na mtu anaweza kubandikwa katika video ya tukio ambalo hakuhudhuria. Kwa hiyo naona mhakiki ana maswali mawili, wala si moja. La kwanza ni la fani: je, kilichobuniwa kimekaa sawasawa na kilichopo? La pili ni la maudhui: kimeletwa pale kwa faida ya nani?

Anayeuliza la kwanza tu atadanganywa na kila fundi hodari. Anayeuliza la pili tu, bila kuangalia miguu, ataisifu kila hadithi yenye ujumbe mzuri, hata ikiwa inateleza kuanzia ukurasa wa kwanza.