KUTOKA KIDATO CHA SITA HADI CHUO KIKUU: MAMBO YA KUTAYARISHA MAPEMA



Ndugu msomaji, kwa kawaida matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa Julai. Siku hiyo huwa ni ya shukrani na sherehe. Baada ya siku tatu hivi mbio huanza: cheti cha kuzaliwa hakionekani, majina hayafanani, na dirisha la maombi limeshafunguliwa. Makala haya yanawalenga wanafunzi wetu wa sekondari na wazazi wao, ili yanayoweza kufanywa leo yasingoje Julai.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo watoto wetu wengi hukwama. Mtoto ni Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad kwenye rejesta ya shule, na Mudi nyumbani. Hadija akawa Khadija, Abdallah akawa Abdulla, na jina la babu likaongezwa hapa na kuachwa pale. Sisi madrasani huandika kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo tofauti hizo hatuzioni kabisa. Kwetu ni jina moja. Kompyuta haijui hivyo. Inayomtambulisha mwombaji, katika udahili na katika mkopo, ni namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na jina lililosajiliwa hapo Baraza la Mitihani (NECTA) ndilo litakalofuatana naye. Mzazi mwenye mtoto kidato cha pili au cha tatu achukue cheti cha kuzaliwa, aende shuleni, akalinganishe herufi kwa herufi kabla ya usajili wa mtihani. Aliyekwishapita hapo aende kwa wakili kutengenezewa hati ya kisheria inayothibitisha kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Vyeti vya kuzaliwa hutolewa na RITA kwa Tanzania Bara, na kwa Zanzibar na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mwombaji wa mkopo hutakiwa cheti chake kiwe kimehakikiwa, na uhakiki huo huchukua siku. Kwa yatima kunahitajika pia cheti cha kifo cha mzazi. Hapa tusemezane ukweli: sisi huwahi kuzika, na ndivyo tulivyofundishwa, lakini baada ya hitima ni wachache wanaokumbuka kufuatilia cheti. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Yatima anayestahili kupewa mkopo kabla ya wengine anaweza kukosa kwa ajili ya karatasi ambayo ami yake angeliipata miaka mitano nyuma.

Jambo la pili ni tahasusi, yaani kombi. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano zikafika 65, zikiwemo za elimu ya dini. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mwanafunzi anayechagua kombi akiwa kidato cha nne anachagua pia milango ya chuo itakayofunguka na itakayofungwa. Kanuni ya jumla ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016 ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4 au zaidi, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Masomo hayo ni lazima yawe yale yanayotajwa na programu yenyewe. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla ya pointi 6, na kila somo lisipungue D. Kijana mwenye D, D na E ana pointi 5, na udaktari haumpokei, ingawa anaweza kukubaliwa ualimu wa sayansi au kilimo.

Anayesoma Elimu ya Dini ya Kiislamu, naye alisome somo hilo kwa bidii, lakini asome na mwongozo wa TCU kabla ya kulitegemea katika hesabu ya pointi. Programu nyingi hutaja masomo kwa majina, na hilo halimo. Katika vyuo vya kati pia, ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne unaotakiwa huhesabiwa bila masomo ya dini.

Kuhusu kuomba, jihadharini na ushauri uliopitwa na wakati. Kaka aliyeingia chuo mwaka 2012 atasema, "Unaomba TCU." Ilikuwa hivyo kuanzia mwaka 2010 hadi utaratibu huo ulipoondolewa mwaka 2017. Sasa mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na akichaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliowekwa, kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Basi namba ya simu iwe yako au ya mama, na iwe laini isiyopotea. Wengi hujaziwa fomu kwenye duka la steshenari, na mwenye duka huweka barua pepe yake na neno lake la siri. Dirisha likikaribia kufungwa, yeye amesafiri.

Wazazi wengi huuliza kuhusu mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) na riba. Zamani deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na wapo waliojizuia kuomba kwa ajili hiyo. Ongezeko hilo liliondolewa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Soma mkataba wote kabla ya kutia saini, na ukiwa na shaka uupeleke kwa sheikh unayemwamini, ukiwa umeuchukua wenyewe mkononi na si maneno ya mtaani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo katika Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni. Vijana wa Zanzibar wanayo bodi yao pia.

Aliyekosa pointi hajafungiwa. Stashahada yenye wastani wa 3.0 humpeleka mtu shahada, na Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi kwa wenye pointi 1.5 katika masomo mawili.

Kwa wanaotaka mazingira ya Kiislamu kuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanzia katika majengo ya kilichokuwa chuo cha TANESCO, na Zanzibar kuna Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu na SUMAIT kule Chukwani. Na anayeelekea Madina au Al-Azhar apitie TCU kuchukua cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka, na akirudi ashahada yake aipeleke huko huko ikatambuliwe, kwa kuwa mwajiri ataiuliza.

Wabillahi Tawfiq.