Dakika Moja Kule Haydom: Afya ya Dunia na Biashara Ni Masomo Gani?



Ukiwa kidato cha tatu pale Dongobesh au Katesh, swali moja haliishi: "Ukimaliza shule unataka kuwa nani?" Wengi wetu tunajibu haraka haraka: daktari, rubani, mwanasheria. Lakini yako masomo ya chuo kikuu ambayo ukiyataja nyumbani, shangazi atakuuliza, "Hiyo nayo ni kazi gani?" Mojawapo ni afya ya dunia pamoja na ujasiriamali wa kimataifa. Jina refu, eh? Usiogope. Ili kulielewa huna haja ya kupanda ndege. Panda basi la Haydom, hapo hapo wilayani Mbulu.

MTOTO ASIYELIA

Mtoto anapozaliwa, watu wote chumbani wanasubiri kitu kimoja: kilio. Akilia, anapumua. Asipolia, kazi inaanza. Wakunga huiita dakika ya kwanza "dakika ya dhahabu". Katika dakika hiyo mtoto anakaushwa, anasuguliwa mgongo, na kama bado hapumui anasukumiwa hewa kwa mfuko mdogo wenye kibarakoa.

Je, ukichelewa kidogo kuna ubaya gani? Swali hilo lilijibiwa Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, mbali na miji mikubwa. Kuanzia mwaka 2009, wasaidizi wa utafiti waliofunzwa walikaa kwenye chumba cha kujifungulia kwa zamu, usiku na mchana, wakiwa na saa na fomu. Waliandika: mtoto amezaliwa saa ngapi, amepumua saa ngapi, amesaidiwa saa ngapi. Mwaka 2012 Dk. Hege Ersdal na wenzake walitoa matokeo. Kwa watoto waliohitaji kusukumiwa hewa, kila sekunde 30 zilizopotea kabla ya kuanza ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16.

Sekunde 30! Ni muda wa kufunga kamba za viatu.

WANAJUA, LAKINI HAWAFANYI

Sasa sikiliza sehemu ya kushangaza. Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Walifanya mazoezi kwa mdoli. Baadaye walipopimwa kwa mdoli yule yule, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Safi kabisa! Lakini wale wasaidizi wenye saa walipoangalia chumba cha kujifungulia, waliona utendaji kwa watoto wenyewe haujabadilika.

Kwani wahudumu walikuwa wavivu? Hapana. Wewe mwenyewe unalijua jambo hili. Umekesha na fomula za fizikia, ukamsomea rafiki yako zote bila kukosea, halafu kwenye mtihani mkono unatetemeka. Kujua ni kitu kimoja, na kutenda wakati moyo unadunda ni kitu kingine.

Basi wakabadilisha mpango. Badala ya siku moja kubwa, wakaweka mdoli wodini na kufanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, hapo hapo kazini. Dk. Estomih Mduma na wenzake walieleza matokeo mwaka 2015: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11 hadi 7 hivi kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Hiyo ndiyo afya ya dunia, rafiki yangu. Daktari anamtibu mgonjwa aliye mbele yake. Mtu wa afya ya dunia anauliza: kwa nini dawa au ujuzi uliopo haumfikii anayeuhitaji? Anapima, anabadilisha kitu, halafu anapima tena. Na kilichogunduliwa Mbulu kinaweza kumsaidia mkunga wa Nepal.

NA BIASHARA INAINGIAJE?

Turudi kwa yule mdoli. Unatoka wapi? Kuna kampuni ya Norway inaitwa Laerdal, kutoka mji wa Stavanger. Ilianza mwaka 1940 ikichapisha vitabu vya watoto na baadaye ikatengeneza vitu vya kuchezea. Mwaka 1960 ikatoa mdoli wa ukubwa wa mtu mzima wa kufundishia jinsi ya kumpulizia hewa mtu aliyezimia. Kutoka kwenye midoli ya kuchezea hadi midoli ya kuokoa maisha! Mwaka 2010 likaanzishwa tawi lake lisilotafuta faida, Laerdal Global Health, kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo. Mdoli wao wa mtoto mchanga unajazwa maji ili uwe na uzito kama wa mtoto kweli. Ukimaliza unamwaga maji, unaukunja na kuusafirisha kirahisi.

Kifaa chao kingine kina jina la Kiswahili: Moyo. Kinafungwa tumboni kwa mama na kusoma mapigo ya moyo wa mtoto, ili mkunga mmoja mwenye akina mama wengi asitegemee sikio lake peke yake. Kilijaribiwa Haydom na Muhimbili. Majaribio yalionyesha kwamba kilisaidia kugundua mara nyingi zaidi mapigo yasiyo ya kawaida. Lakini kugundua peke yake hakutoshi. Ukishajua mtoto yuko hatarini, unahitaji mtu wa kufanya upasuaji, damu, na barabara inayopitika.

Huo ndio ujasiriamali wa kimataifa: kutengeneza kitu kinachotatua shida ya kweli, kukifikisha nchi nyingine kwa bei inayowezekana, na kuhakikisha kinaendelea kufanya kazi. Usidanganyike kwamba kila kifaa kipya ni baraka. Jifunze kuuliza:
– Umeme ukikatika, kitafanya kazi?
– Kikiharibika, nani atakitengeneza, na vipuri vitatoka wapi?
– Mradi ukiisha, nani atalipa?
– Mkunga mwenyewe aliulizwa kabla hakijatengenezwa?

Chuo kikuu kinakufundisha kuuliza maswali hayo na kuyajibu kwa hesabu.

MATOKEO YAMEFIKA WAPI?

Haydom iliongoza mpango mkubwa zaidi katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Ulihusisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifaa, na wahudumu kutazama takwimu zao wenyewe. Dk. Benjamin Kamala na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka 240 hivi hadi karibu 60 kwa kila vizazi 100,000. Mikoa haikulingana, kwingine mabadiliko yalikuwa madogo. Kwa nini? Hilo ni swali la mtafiti anayekuja. Pengine ni wewe.

UNAWEZA KUULIZA...

Je, lazima nisome PCB?
PCB inafungua mlango wa udaktari na maabara. Lakini afya ya dunia inahitaji pia watu wa takwimu, uchumi, jiografia na biashara. Aliyesoma EGM ana nafasi yake. Cha muhimu ni hesabu, usizikimbie!

Nitasoma wapi?
Unaweza kuanzia hapa nyumbani. Muhimbili na KCMC wanafundisha mambo ya afya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe wanafundisha biashara. Hata uuguzi unaofundishwa Haydom ni mwanzo mzuri. Wengi huenda nje kwa shahada ya pili au ya tatu, wakiwa tayari wameonja kazi.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa vitunguu. Nitaweza?
Ada ni tatizo la kweli, tusifichane. Uliza mapema kuhusu Bodi ya Mikopo, na tunza vyeti vyako tangu sasa. Lakini kumbuka una mtaji ambao mgeni hana. Unajua Kiiraqw au Kidatoga. Unajua njia ipi haipitiki masika, na unajua kwa nini bibi anasita kwenda kliniki. Mgeni atahitaji miaka kujifunza hayo.

ANZA LEO

Huna haja ya kusubiri chuo. Kama nyumbani kuna dada au shangazi mjamzito, muulize: atajifungulia wapi? Usafiri ni upi usiku? Nauli imewekwa? Nani atamsindikiza? Hospitali imejitahidi kuokoa sekunde, lakini saa nyingi zinapotelea nyumbani na njiani.

JADILINI KLABUNI: Mkipewa nafasi ya kutatua jambo moja linalowachelewesha akina mama wa kijiji chenu kufika hospitali, mtaanza na lipi? Na mtapimaje kama mmefaulu?