Majoreni na Duara la Kilomita 300: Bei ya Kutoijua Ardhi

Shilingi bilioni 500 ndiyo bei ambayo imekuwa ikitajwa kwa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini Kenya, cha megawati 1,000. Pwani ndiyo iliyopigiwa hesabu mapema: Kwale na Kilifi zikatajwa, wakazi wa Uyombo, Kilifi, wakapinga, na mwaka 2025 macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Popote kitakapojengwa, iko tarakimu moja ndogo yenye uzito mkubwa katika bei hiyo, nayo ni nadra kuisikia kwenye baraza: ardhi ikitikisika kwa nguvu gani, kinu bado kiweze kuzimwa na kupozwa salama?

Kipimo chake ni g, mchapuko wa kitu kinachoanguka. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) linashauri kinu kisanifiwe kwa 0.1 g au zaidi, hata mahali ambapo hakuna anayekumbuka tetemeko.

Ili kuona jinsi tarakimu hiyo inavyotafutwa, tuchukue Majoreni, Kwale, kama mfano, bila kudai kwamba imechaguliwa. Weka sindano ya bikari hapo, uchore duara la kilomita 300. Ndilo eneo la kwanza la uchunguzi, takriban kilomita za mraba 283,000. Ndani yake mnaingia Mombasa, Tanga, Pemba, Unguja, Dar es Salaam, hata Mlima Kilimanjaro. Duara la pili ni la kilomita 25: Vanga, Lunga Lunga, Shimoni, Wasini. La tatu ni la kilomita 5. Mwisho ni kiwanja chenyewe, kinachochorwa kwa ramani ambayo sentimita moja ni mita 5 za ardhi. Pwani hii ingedai uangalifu wa pekee hapo. Tope la mikoko hukuza mtikisiko, na miamba ya matumbawe huwa na mapango, kama yale ya Shimoni. Pango lisilojulikana chini ya msingi wa zege ni hatari hata bila tetemeko.

Halafu kuna miaka. Kanuni za Ulaya humpimia mjenzi wa nyumba ya kawaida tetemeko linalotarajiwa mara moja katika miaka 475. Kwa kinu, wadhibiti wengi huanzia miaka 10,000. Katika umri wa miaka 60 wa jengo, uwezekano wa kukutana na tetemeko la kiwango cha kwanza ni asilimia 12 hivi; la kiwango cha pili, asilimia 0.6. Tofauti ni mara ishirini.

Lakini vipimo vya mitambo katika Afrika Mashariki havina hata miaka 150. Tunalijua tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, la ukubwa wa 7.4, na la Subukia la Januari 1928, la 6.9. Tarehe 12 Agosti 2020 bahari ilitikisika kusini-mashariki mwa Dar es Salaam kwa ukubwa wa karibu 6, pembezoni mwa duara letu, na Mombasa ikahisi. Miaka 9,900 hivi iliyobaki haiko kwenye daftari lolote. Inatafutwa kwa kuchimba mitaro kwenye nyufa za ardhi na kupima umri wa tabaka, na kwa meli za utafiti juu ya sakafu ya bahari.

Nani aliyelipia kutojua? Kinu cha Diablo Canyon, California, kilianza kujengwa 1968 kwa usanifu wa 0.4 g. Ufa wa Hosgri ulipotangazwa mwaka 1971, kilomita tano hivi kutoka ufukweni, kipimo kilipandishwa hadi 0.75 g wakati zege limekwisha kumwagwa. Makadirio ya awali yalikuwa dola milioni 320. Kikamalizika kwa zaidi ya dola bilioni 5. Ufa haukubeba lawama zote, kwani riba, mfumuko wa bei na makosa ya michoro vilichangia, lakini ulichelewesha mno. Kule Japani, Julai 2007, kinu namba 1 cha Kashiwazaki-Kariwa kilitikiswa kwa gali 680 (g moja ni gali 980) ilhali kilisanifiwa kwa 273. Vinu vilizimika salama, ila vyote saba, megawati 8,212, vikakaa kimya, na cha kwanza kikarudi kazini 2009.

Afrika Kusini ilijua mapema. Baada ya tetemeko la 1969 huko Ceres na Tulbagh, kituo cha nyuklia cha Koeberg kilisanifiwa kwa 0.3 g, na majengo ya vinu vyake yakakalishwa juu ya vipande zaidi ya 1,800 vya raba na chuma. Usanifu wa kawaida wa Kifaransa ulibaki vilevile juu ya vipande hivyo. Kilichobadilika ni msingi.

Hesabu yangu ya shilingi ni hii. Ikiwa nusu ya bilioni 500 imeshakopwa kwa riba ya asilimia 8, kila mwaka wa kusimama unakula bilioni 20, kabla ya kubomoa ukuta mmoja. Kwa hiyo uchimbaji na meli zitangulie mkopo. Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, iichapishe g ya kila eneo linalopendekezwa pamoja na njia iliyotumiwa kuifikia, kwa Kiswahili, kabla ya mwananchi yeyote kuambiwa ahame. Na iwapo Kwale itarudi mezani, sehemu kubwa ya duara iko Tanzania na chini ya bahari. Dodoma ikae kwenye meza hiyo tangu ramani ya kwanza.