Kusikia Kabla ya Kurusha: Namna ya Kuchagua Mikisa Ndogo kwa Studio ya Jamii



Kamati ya wakimbizi wa ndani inapopata msaada wa kuanzisha studio ndogo, mara nyingi orodha ya vifaa hufika mezani ikiwa imekwisha andikwa na fundi. Kinachobaki kwenu ni kuweka saini. Mikro mnaifahamu, kompyuta mnaifahamu. Katikati ya orodha kuna kifaa ambacho wengi hukipita bila kuuliza: mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti ambayo mafundi wetu waliosoma kwa Kifaransa huiita konsole. Makala hii inaeleza maswali ya kuuliza kabla ya kusaini, hasa juu ya jambo linalosahauliwa sana: nani atasikia nini ndani ya kaske wakati kipindi kinaendelea.

Kaske inahusu nini na amani?

Tuseme kipindi kinakutanisha mzee wa kambi na mzee wa kijiji kinachowapokea wakimbizi. Wanazungumza juu ya mashamba. Msikilizaji anapiga simu. Mwongozaji peke yake amevaa kaske, wageni hawasikii maneno ya simu. Mwongozaji anawarudishia swali kwa kifupi na kwa upole, lakini huko nje watu wamekwisha sikia yote, pamoja na tusi juu ya kabila la mmoja wa wageni. Mzee anajibu kwa utulivu, maana tusi halikumfikia. Akirudi nyumbani anaulizwa: "Wametutukana, nawe ukanyamaza?" Kipindi kilichoandaliwa kwa kupatanisha kimemvunjia heshima mtu aliyekubali kuja.

Katika mfano huo mwongozaji hakuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni kaske mbili na mahali pa kuzichomeka.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusiweke spika ndani ya studio, kila mtu asikie? Kwa sababu mikro itaishika sauti ya spika, spika itaitoa tena, mikro itaishika tena, na baada ya nukta chache utasikia ule mlio mkali ambao mafundi huuita larseni. Penye mikro iliyo wazi, sauti ya kusikilizia inapaswa kubaki masikioni. Na kaske ziwe zile zinazofunika sikio lote na kufungwa nyuma, sauti isivuje. Zile zisizo na waya hazifai kwa kazi hii: sauti yake hufika kwa kuchelewa, na mtu anayejisikia kwa kuchelewa huanza kugugumia.

Kifungo kidogo chenye kazi kubwa

Kwenye kila njia ya sauti ya mikisa, tafuteni kifungo kilichoandikwa PFL. Mashine nyingine huandika SOLO ama CUE. Kazi yake ni hii: kipandisha sauti cha njia hiyo kikiwa chini kabisa, yaani sauti haiendi hewani, mwenye mashine anabonyeza kifungo na kuisikia njia hiyo peke yake katika kaske yake. Ndivyo anavyojua kwamba mikro ya mgeni inafanya kazi kabla ya kumkaribisha, ama kwamba sauti iliyorekodiwa kijijini ndiyo yenyewe. Ndivyo pia anavyomsikia mpiga simu kabla watu wa nje hawajamsikia.

Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini. Redio RTLM, iliyoanza Rwanda mwaka 1993, iliyapeleka hewani maneno ya kuua, na mwaka 1994 watu waliyafuata. Wale walikusudia. Lakini hata redio yenye nia njema inaweza kurusha uvumi wa redio-trotwari kwa sababu tu hakuna aliyeusikia kwanza. Mikisa isiyo na PFL ni ya bei nafuu, na kwa kwaya ama sherehe inatosha. Kwa studio inayopokea simu juu ya ardhi na makabila, kwa maoni yangu msiinunue hata mkipunguziwa bei.

Wageni wasisikie yasiyowahusu

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mikisa ndogo kwa kawaida ina tundu moja tu la kaske, limeandikwa PHONES. Watu wakiwa wanne, fundi huleta waya wenye matawi na kuchomeka kaske zote humo. Kuna matatizo mawili. La kwanza ni la nguvu. Kaske nyingi zina ukinzani wa omu 32; ukiunganisha nne pamoja kwenye tundu moja, mashine inaona omu 8 tu. Kiamplifaya kidogo cha ndani hakikutengenezwa kwa mzigo huo: sauti inafifia ama inaanza kukwaruza. Dawa yake ni kisanduku cha kugawia kaske, chenye matundu manne na kirekebisha sauti kwa kila mtu. Mzee asiyesikia vizuri anaongeza yake bila kumuumiza jirani.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Tundu la PHONES ndilo linalotoa sauti ya PFL. Mkichomeka kisanduku hapo, kila anachosikiliza mwongozaji kwa siri, wageni nao wanakisikia. Mpiga simu anatukana kabla hajapelekwa hewani. Mwongozaji anamkata, kazi yake ameifanya vizuri. Lakini tusi limekwisha ingia masikioni mwa mgeni, naye anaanza kujibu kitu ambacho wasikilizaji hawakukisikia.

Kwa hiyo wageni wapewe sauti kutoka mlango mwingine: ule wa AUX, ama mlango wa pili unaotoa sauti ileile inayokwenda hewani. Mwongozaji abaki na PHONES peke yake. Mwulizeni fundi hivi: "Mwongozaji akibonyeza PFL, wageni watasikia?" Akijibu ndiyo, bado hajapanga vizuri.

Mpiga simu naye anahitaji kusikia. Apelekewe sauti ya studio yote isipokuwa yake mwenyewe; akirudishiwa sauti yake atasikia mwangwi na kuchanganyikiwa. Kazi hiyo inafanywa na mlango wa AUX, ambapo njia ya simu inafungwa na nyingine zinafunguliwa. AUX hiyo iwe ile inayoweza kuwekwa PRE, yaani isiyotegemea vipandisha sauti, ili mwongozaji aweze kuongea na mpiga simu kabla ya kumpeleka hewani. Wageni wakipewa AUX na simu ikipewa AUX, basi mnahitaji AUX mbili. Mashine yenye moja tu inatosha ikiwa kuna mlango wa pili wa kutoa sauti ya hewani kwa ajili ya wageni.

Hesabu ya milango

Msidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye sanduku. Mikisa inayoitwa ya njia 12 inaweza kuwa na milango minne tu ya mikro, maana mingine ni ya muziki, na kila mmoja huhesabiwa mara mbili, kushoto na kulia. Hesabuni ile milango ya duara yenye matundu matatu, ndiyo ya mikro. Mwongozaji mmoja na wageni watatu ni minne. Msizidishe sana: kila mlango wa ziada ni bei na uzito.

Uzito nao si jambo dogo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi kubwa za pembeni mwa Goma zilibaki tupu ndani ya majuma machache, watu wakabeba walichoweza. Mashine inayoingia katika mfuko wa mgongoni inaweza kufuata watu wake.

Kifungo cha 48V ni cha mikro zinazohitaji umeme. Mikro za kawaida za mkononi haziuhitaji, tena hazishiki sana kelele za mbali, kama mvua juu ya mabati ama watoto wa jirani. Chagueni hizo. Kifungo cha kupunguza sauti nzito, chini ya hezi 80 ama 100, kinasaidia sana penye jenereta. Vifungo vya mwangwi, ambavyo kwaya huvipenda mno, hamvihitaji kabisa.

Umeme

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba karibu wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, haifai kushushwa chini ya nusu, hesabuni 600. Mikisa ya wati 15, kisanduku cha kaske cha wati 5 na kompyuta ya mkononi ya wati 40 ni wati 60, yaani saa 10 za kazi, pungufu kidogo kwa sababu konvertisa nayo inakula.

Lakini kwanza geuzeni adapta ya mikisa, msome upande wa umeme unaotoka. Ikiandikwa DC na volti 5 ama 12, fundi wa sola anaweza kuitoa kwenye betri kupitia kifaa cha kutuliza volti, maana betri inayochajiwa hupanda kupita 14. Ikiandikwa AC, mashine haiwezi kula betri moja kwa moja, lazima ipite kwenye konvertisa, na konvertisa za bei ya chini huleta mvumo unaosikika ndani ya kaske kipindi kizima. Tena adapta za AC zenye kichwa cha pini tatu ni ngumu kupatikana zikiungua. Mkiichukua ya namna hiyo, nunueni adapta mbili siku hiyohiyo.

Dukani

Nendeni watu wawili, mmoja fundi na mmoja mwongozaji, na mbebe mikro yenu na kaske yenu. Ombeni mashine iwashwe. Shusheni kipandisha sauti, bonyezeni PFL, mseme kitu. Zungusheni kila kirekebishi polepole: kikikwaruza kikiwa kipya, vumbi la barabara litakimaliza mapema. Kisha msivae kaske kwa sauti ya juu kabisa ili kumfurahisha mwenye duka. Kikomo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kaske inapita hapo kwa urahisi. Ikiwa mtu aliye hatua moja kutoka kwenu anapaswa kupaza sauti ili mmsikie, punguzeni. Mwisho ombeni karatasi ya malipo iandikwe jina kamili la mashine na namba yake, na nakala mbandike ukutani kwenye ofisi ya kamati, ambapo familia zote zitaisoma.