Meza imara ya tangi la samaki wa baharini

Maji ya bahari ni mazito: lita moja ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50, likijaa, huchukua lita 270. Hizo ni takriban kilo 277 kabla ya kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Meza ikipinda, kioo kinaweza kupasuka. Kwa hiyo tunashauri:

■ Tumieni mbao kavu, zilizonyooka, za inchi 2 kwa 4.
■ Fremu ya juu ikae juu ya miguu yenyewe, ili uzito ushuke kwenye mbao, usibebwe na skrubu.
■ Fungeni plaiwudi nyuma ili meza isiyumbe.
■ Chumvi hula chuma. Tumieni skrubu zisizoshika kutu, na pakeni vanishi pande zote, hasa kwenye ncha zilizokatwa.
■ Hakikisheni usawa kwa pimamaji. Ikibidi kuweka kabari, iwe chini ya miguu, kamwe si chini ya kioo.

Mwishowe jazeni maji yasiyo na chumvi, subirini siku moja, kisha pimeni usawa tena. Tukiona meza haijasogea, ndipo tunapoweza kuendelea kuliandaa tangi kwa ajili ya samaki.