Kimelea cha Malale na Ndugu Yake wa Dimbwini

Kimelea cha malale, tripanosoma, ni seli moja tu yenye urefu wa takriban mikromita 20 hadi 30. Katika tone la damu mbichi chini ya hadubini, zinazoonekana kwanza ni chembe nyekundu zikisukumwa huku na huko. Ndipo jicho linapokiona kitu chembamba kinachojinyonganyonga kati yake.

Kinachokiendesha ni mjeledi. Huchomoza karibu na nyuma, ukaambaa mwilini ukiwa umeshikizwa na utando, hadi mbele. Ndani yake mna jozi tisa za vijibomba zilizozunguka viwili vya kati, mpangilio uleule wa mkia wa mbegu ya kiume ya binadamu. Kando ya vijibomba hivyo hupita ufito wa protini, na huo binadamu hana. Mitokondria ya kimelea ni moja tu, na kwenye shina la mjeledi imebeba fundo la DNA: maelfu ya pete zilizopitana kama mnyororo.

Ufito huo ndio alama ya ukoo. Unao pia yuglena, kiumbe cha kijani kinachojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Makazi yake ni maji yaliyotuama, kama madimbwi ya kando ya Ghuba ya Winam, chini ya Milimani, Kisumu. Kati ya wanaoishi huru, aliye karibu zaidi na tripanosoma ni bodo, mla bakteria wa majini. Kwa hiyo mababu wa kimelea hiki waliogelea huru kabla ya kuingia miilini mwa wanyama. Jamaa yake mwingine, leishmania, huleta kala-azar Baringo.

Damu ya binadamu ina protini inayoua tripanosoma nyingi za mifugo. Tripanosoma ya aina ya rhodesiense inayo protini ya kuinasa silaha hiyo, na ndiyo iliyosumbua Bonde la Lambwe, Homa Bay, ikijificha ndani ya pongo na ng'ombe. Mbung'o ndiye huibeba.

Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale si tena tatizo la afya ya umma Kenya. Mbung'o bado wapo. Aliyeumwa nao kisha akapata homa isiyoisha aende hospitali, amweleze daktari alikokuwa, na damu yake ipimwe.